Mwenyekiti Aliyemgombeza Ndugu Yangu

Nilimwonea wivu kwa miaka zaidi ya kumi. Labda hakujua, labda alijua akanyamaza, maana yapo mambo mengi aliyoyajua na kuyanyamazia. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanidhania mtu mwema. Kijijini kwetu, kwenye vilima vya Kathiani, nilikuwa nimeshazoea kudhaniwa mtu mwema, na nilikuwa nimeupenda sana huo mchezo.

Jina lake sitalitaja, na hata nikilitaja wengi wa kwetu hawatamtambua. Watoto, wazee, naibu wa chifu, mumewe mwenyewe alipokuwa hai, wote walimwita Mwenyekiti. Alikuwa mwenyekiti wa mwethya wetu, yaani lile kundi la majirani wanaokwenda kwa zamu kulima shamba la kila mmoja wao, leo kwako, juma lijalo kwangu. Kwetu mashamba yameinuka kama paa la nyumba, na kazi kubwa ya mwethya ilikuwa kuchimba matuta ya kuzuia maji ya mvua yasiteremke na udongo wote. Mtu anachimba mtaro, udongo anautupa upande wa juu, na tuta linasimama. Mwenyekiti alikuwa na matuta kichwani kama wengine walivyo na wajukuu.

Alivaa koti la kiume la rangi ya kahawia, jua liwake, mvua inyeshe. Mfuko wa kulia ulikuwa wa ugoro. Wa kushoto ulikuwa wa filimbi, na huo ulikuwa umetoboka, kwa hiyo filimbi ilidondoka mara tatu au nne kwa siku na daima kulikuwa na mtu nyuma yake anayeinama kuiokota. Hakuushona mfuko huo hata siku moja. Mimi mwenyewe nimeiokota filimbi hiyo nisijue ni mara ngapi, na sikumbuki akiniambia asante.

Sasa niseme habari za ndugu yangu, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na la kusema juu ya Mwenyekiti. Mdogo wangu Nzioka aliugua polio akiwa na miaka mitatu. Miguu yake ilibaki myembamba, isiyoweza kumbeba, akawa anatembea kwa mikono na magoti. Mikononi alivaa akala, zile ndara za tairi ambazo sisi wengine huzivaa miguuni. Baba alitugawia shamba kabla hajafa, kila mmoja kipande chake. Mama naye alipofariki, Nzioka akabaki nyumbani kwangu. Nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi ya hapo karibu, na kila alipotaka kwenda mahali nilimweka nyuma ya baiskeli yangu. Watu walikuwa wakisimama kando ya njia wakisema, tazameni mwalimu alivyo na moyo. Niliwasikia. Mara nyingine nilipunguza mwendo ili niwasikie vizuri.

Siku ya kwanza Mwenyekiti aliponitia aibu ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nyumbani kwake. Nilikuwa nimempeleka Nzioka kwa sababu alikuwa amefikisha umri wa kuhesabiwa katika mwethya kama mwenye shamba, na nilitaka kuomba asamehewe kazi. Mwenyekiti alileta chai. Lazima niseme kwamba alikuwa mchoyo wa sukari hadi kijiji kizima kilimtania kwa hilo. Aliufunga mkebe wa sukari kwa kipande cha kitambaa na mafundo mawili. Alifungua fundo moja, akafungua la pili, akamwuliza Nzioka anatumia vijiko vingapi.

"Huyu hatumii sukari, mama," nikasema.

Alinitazama kwa muda, kijiko kikiwa hewani. "Ni wewe umeulizwa?"

Nzioka akaangalia kikombe chake, kisha akasema, "Vitatu."

Akamtilia vitatu, vilivyojaa. Mimi akanitilia kimoja bila kuniuliza, akaufunga mkebe. Miaka sita nilikuwa nikimpa ndugu yangu chai kavu. Mama ndiye aliyeanza, wakati sukari ilikuwa haba, na mimi nikaendeleza, na kila nyumba tuliyoalikwa niliwaambia wenyeji kwamba hatumii sukari. Tulipokuwa tukirudi nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alisema nilikuwa nimeshawaambia watu wengi sana, aliona haya kunifanya mwongo.

Lakini hapo kwenye chai hatujafika mwisho. Niliomba lile nililokwenda kuliomba, kwamba Nzioka asamehewe, kila mtu anaiona hali yake. Mwenyekiti akavuta ugoro, akapiga chafya, akamwuliza Nzioka kama yeye anataka kusamehewa. Nzioka akasema hajui, hajawahi kuulizwa.

"Basi sikia," akamwambia, na mimi akaniacha kando kama kiti. "Mtu hafanyi kwa wengine, sisi hatuendi kwake. Hiyo ni sheria ya mwethya. Nikikusamehe kazi, nimekusamehe na zamu. Hiyo shamba yako itakaa tu hivyo mpaka ufe. Sasa uko na nini ya kuleta?"

Nzioka akafikiri. "Niko na mikono. Na niko na macho."

"Leta mkono nione."

Akampa. Mwenyekiti akaubonyeza mkono ule juu ya kiwiko, ule mkono uliokuwa umembeba miaka ishirini, akacheka hadi machozi yakamtoka, akasema kwa mkono kama huo angeweza kunyonga punda. Nilikasirika. Kwetu mtu hakucheka mbele ya Nzioka, tulizungumza kwa sauti ya chini kama tuko hospitalini. Nikamgeukia ndugu yangu nimpoze, nikamkuta anacheka kuliko Mwenyekiti.

Kazi aliyompa ni ya kupima. Afisa wa kilimo alikuwa ameliachia kundi kifaa kidogo, pima maji, kichupa chenye tone la hewa ndani, kinachoning'inizwa katikati ya kamba. Watu wawili wanashika vijiti viwili, kila mmoja mwisho wake wa kamba, na wa tatu anatazama lile tone. Likikaa katikati, basi vijiti viko usawa, na hapo ndipo mtaro unapopita. Kwetu upepo wa kilimani huyumbisha kamba ikiwa juu, kwa hiyo tulitumia vijiti vifupi vinavyofika magotini. Anayetazama lazima macho yake yawe chini kabisa. Wanaume waliokuwa wakiifanya kazi hiyo waliinama na kupiga magoti na kulalamikia viuno vyao, na wengi walikadiria tu ili wainuke. Macho ya Nzioka yalikuwa pale pale palipo na kamba. Hakuwa na haja ya kuinama.

Kwa hiyo ikawa kwamba mimi, mwalimu, nashika kijiti upande mmoja, na ndugu yangu yuko katikati akiniambia, "Mwalimu, shuka. Shuka tena. Panda kidogo. Hapo." Nami nashuka na kupanda. Mwenyekiti anasimama juu ya kilima na filimbi yake, na Nzioka akisema hapo, anapuliza, na majembe thelathini yanaanguka. Hakuna aliyesema tena kwamba nina moyo. Walisema, mwite fundi. Walimaanisha Nzioka.

Niliona wivu, na sikujua ni wa nani. Kwanza nilidhani namwonea Nzioka. Baadaye nikaona sivyo. Nilimwonea Mwenyekiti, kwa sababu mimi nilimpa ndugu yangu mgongo wangu na baiskeli yangu na ujana wangu, na yeye alimpa kamba na vijiko vitatu vya sukari, na ndugu yangu alimtazama yeye kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama mimi.

Nilianza kutafuta makosa yake, na nikiri kwamba hayakuwa haba. Alikuwa na ulimi mbaya. Mkwewe alimpikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, kila siku kwa miaka minane, na kila siku mahindi yalikuwa hayajaiva au yameiva kupita kiasi. Na jirani yake wa mpakani aligombana naye juu ya mti mmoja mpaka mti ukafa wenyewe. Hakupenda kusaidiwa. Ukimshika mkono avuke mtaro alikukung'uta kama siafu. Mtu akimletea kuni anazirudisha, na kesho yake anakwenda kumchimbia mtu huyo huyo shimo la choo.

Lililonifurahisha zaidi lilikuwa la yule mama kiziwi aliyekaa upande wa pili wa bonde, msusi wa vyondo, vile vikapu vya mkonge, naye alikuwa mwanachama wa mwethya. Mwenyekiti alizungumza naye kwa kumpigia kelele sikioni. Kadiri mama yule asivyosikia, ndivyo Mwenyekiti alivyozidisha sauti, mpaka ndege wakaruka. Nilimwona akifanya hivyo nikajisemea, haya, huyu naye hajui kila kitu. Siku moja Nzioka akamwambia mbele ya watu, "Mwenyekiti, huyo anaona. Simama mbele yake, pole pole, aone mdomo." Mwenyekiti alinuna juma zima. Nami nilifurahi juma zima. Jumatatu iliyofuata nikamkuta amechuchumaa mbele ya mama kiziwi, amekunja koti lake, anaongea bila haraka na kuonyesha kwa vidole, na mama yule anamjibu kwa mikono huku akicheka. Tangu siku hiyo alimwekea nafasi ya mbele katika kila mkutano, na mtu aliyekaa mbele ya mama yule akamziba alipigiwa filimbi. Furaha yangu ikaishia hapo.

Kanisani alikaa kiti cha nyuma, karibu na mlango, kwa sababu ya ugoro. Jumapili moja alikuja mhubiri mgeni, kijana mwenye suti na sauti kubwa. Katikati ya ibada alimwona Nzioka kwenye mkeka wake kando ya benchi letu, akaamuru aletwe mbele aombewe. Vijana wawili wakamwendea, wakamshika makwapani. Mimi nilikuwa nimeketi hapo hapo. Nilihisi vibaya lakini sikusema neno, kwa sababu maombi ni maombi, na kwa sababu watu wote walikuwa wakitazama upande wetu, na mimi nilikuwa nimezoea upande wetu kutazamwa. Sauti ikatoka mlangoni. "Mumuulize kwanza kama anataka."

Vijana wakamwachia. Nzioka akanyoosha shati lake, akasema kwa heshima kwamba leo amekuja kuimba, lakini kama mhubiri anapenda, wanaweza kumwombea yule mzee aliye na kikohozi. Watu wakacheka, mzee wa kikohozi akaombewa, na wimbo ukaendelea. Kwa miezi kadhaa nilijiuliza kwa nini sauti ile haikutoka kwangu, nami nilikuwa karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo limenifanya nishike kalamu.

Ilikuwa kabla ya mvua ile kubwa iliyoitwa El Nino. Nzioka alikuwa akiitundika kamba yake ukutani penye ghala la mahindi. Siku moja yeye akiwa sokoni Kathiani, mbuzi aliitafuna upande mmoja. Nikaikuta imechakaa pale mwisho, nikataka kumsaidia. Ndivyo nilivyojiambia, kumsaidia. Nikachukua kisu, nikakata sehemu iliyotafunwa, urefu wa kiganja na nusu hivi, nikaifunga kamba upya kwenye kijiti. Fundo langu lilikuwa kubwa na imara, nikaliangalia nikaridhika. Sikumwambia. Katikati ya kamba kulikuwa na uzi mwekundu aliouzungusha mwenyewe, wa kuonyesha mahali pa kuning'iniza pima maji. Niliuona uzi huo. Ukikata upande mmoja wa kamba, katikati si katikati tena, na tone la hewa linaanza kusema uongo. Mtoto wa darasa la nne angelijua hilo. Mimi mwalimu wa hesabu sikuliwaza, au sikutaka kuliwaza, na mpaka leo sijaweza kuamua ni lipi.

Kesho yake tulipima shamba la Mwenyekiti mwenyewe, lile la chini karibu na kijito, lililokuwa limepandwa maharagwe. Mitaro ilichimbwa, matuta yakasimama, kwa macho yakaonekana sawa. Kisha mvua ikaja. Maji yalijaa mtaroni, na badala ya kutulia yakaenda upande mmoja, yakarundikana, tuta likapasuka. Asubuhi tulikuta shamba limekatwa katikati, na maharagwe yote yameshuka na kijito.

Watu wakakusanyika kwenye matope. Kila mmoja alijua nani alipima. Wakaanza kusema yale ambayo ningeyasema mimi, kwamba asilaumiwe, maskini, amejitahidi kwa hali yake, ni mapenzi ya Mungu. Mwenyekiti akapuliza filimbi mpaka masikio yakaziba.

"Nani maskini hapa? Mimi naona fundi ameharibu kazi." Akamgeukia Nzioka. "Maharagwe yangu imefika mto Athi. Wewe ulikuwa unaangalia nini?"

Akamgombeza. Nimesikia wanawake wakigombeza, nimesikia na wakuu wa shule, lakini sijasikia kama ile. Alimwuliza kama alikuwa amelala, kama alikuwa akiangalia wasichana, kama anafikiri tone la hewa ni la mapambo. Akampa adhabu ile ile aliyopewa kila aliyeharibu kazi ya mwethya, kupima upya kuanzia juu na kuwapikia watu wote uji siku ya kurudia. Nzioka alikuwa ameishika kamba. Akaikunja mara mbili mbele ya watu wote, mwisho kwa mwisho, na uzi mwekundu haukukaa penye kunjo. Ulikuwa kando. Akalitazama lile fundo kubwa. Akanitazama mimi.

Nilifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na jambo la kweli la kusema kwa niaba yake, na mdomo ukafunguka, ukafungika.

"Ni mimi, Mwenyekiti," Nzioka akasema. "Sikuangalia kamba kabla ya kupima."

Tulirudi nyumbani kwa baiskeli, matope hadi kwenye ekseli, nami nilitarajia kumsikia akilia nyuma yangu. Nikasikia anaimba. Nilivumilia mpaka kwenye njia panda, kisha nikamwuliza anawezaje kuimba na ametukanwa mbele ya kijiji.

"Mwalimu," akasema, "umewahi kusikia mtu akinigombeza?"

Nikatafuta kichwani. Baba, hapana. Mama, hapana. Walimu, hata mara moja, na walikuwa wakali. Alipochoma blanketi langu kwa kibatari nilimwambia si neno.

"Leo nimegombezwa kama Mutua, kama Kioko, kama watu wote," akasema. Tukaenda kidogo, akaongeza bila hasira, "Na usishike kamba yangu tena."

Sikushika tena. Lakini wivu haukuisha, uliongezeka. Nilikuwa nimempa ndugu yangu kila kitu ila hicho, na sikujua kama kinahitajika, na alikipata bure katika matope kwa mwanamke asiyeshona mfuko wake.

Msimu uliofuata zamu ya Nzioka ikafika. Shamba lake lilikuwa limelala tangu baba alipogawa, kichaka na mawe, na mimi nilikuwa nikifungia mbuzi humo, nikiliona kama langu. Mwenyekiti alifika jua likichomoza na watu wote thelathini. Nzioka alikuwa ameshapima juma zima, mitaro imewekewa vigingi. Alikaa mbele ya sufuria ya uji kama mwenye shamba yeyote, akiwapangia watu kazi. Aliniambia nichimbe kona ya mawe. Nilichimba kona ya mawe mpaka mikono ikatoa malengelenge, na hakuna aliyenisifu, kwa sababu kila mtu alikuwa akichimba.

Akapanda mahindi, akapanda maparachichi. Mwaka wa pili akajenga nyumba, kitasa cha mlango akikiweka chini kwa kipimo chake mwenyewe, ikawa sisi wengine ndio tunaoinama. Siku ya kuhama hakuhama mbali, ni mwendo wa kuvuta pumzi mbili tatu kutoka mlangoni kwangu. Nilimbebea godoro. Nililia njia nzima, na godoro likanificha uso. Mwenyekiti alikuwa amesimama pale pale barazani kwa Nzioka akivuta ugoro, na nilipofika aliusukuma mlango kwa mguu nipate kupita. Usiku nilikunywa chai yangu peke yangu. Nilimchukia kabisa mwanamke yule.

Miaka ikaenda. Watu wakaanza kuja kumtafuta Nzioka kutoka Kangundo na kwingineko, kwanza kwa miguu, baadaye kwa bodaboda. Walikuwa wakisimama kwangu, kwa kuwa nyumba yangu iko karibu na barabara, na kuuliza kama hapa ndipo kwa fundi. Nikiwaambia hapana, mimi ni kaka yake, walishukuru haraka na kuangalia nyuma yangu. Mwenyekiti alizeeka, akaachia uongozi. Tulisikia kwamba macho yanamsumbua na kwamba anakataa kushikwa mkono, anatembea akiugusa ukingo wa matuta kwa fimbo, na matuta yenyewe anayajua yote.

Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa mjini Machakos, kwenye kituo kimoja cha macho. Nilikuwa nimeenda kupimwa miwani ya kusomea. Nikamkuta kwenye benchi, koti lile lile, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mkwewe alikuwa amekwenda kupanga foleni ya kadi. Nikamsalimu, akanitambua kwa sauti, akasogea nikakaa. Filimbi ilidondoka. Sijui kwa nini alikuwa bado nayo. Nikaiokota nikampa.

Sijui pia kwa nini niliamua kusema siku hiyo, baada ya kunyamaza miaka yote. Labda kwa kuwa hakuwa akiniona. Nilimwambia kwamba yale maharagwe, mimi ndiye niliyefunga kamba.

"Najua," akasema. "Fundi hawezi kufunga fundo mbaya namna hiyo."

"Na bado ulimgombeza yeye?"

"Kamba ilikuwa ya nani?" Akavuta ugoro. "Wewe nilikuwa nangoja uje mwenyewe. Umekawia."

Hapo muuguzi akaja na faili, msichana mchangamfu. Akasimama mbele yetu, akanitazama mimi, akauliza, "Huyu mama alianza kuona vibaya lini?"

Jibu nililijua. Kijiji kizima kililijua. Nililisikia kabisa likija kwenye ulimi, kama siku ile ya sukari.

"Muulize mwenyewe," nikasema.

Muuguzi akaona haya kidogo, akachuchumaa, akamwuliza. Mwenyekiti akamjibu kwa urefu, mwezi, msimu, jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto, na kwamba lile la kushoto likitazama mwanga linachoma. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Muuguzi akaandika, akainua macho kwangu.

"Na wewe ni nani wake?"

"Huyo ni ndugu ya fundi," Mwenyekiti akadakia.

Ule wivu wote ukanirudia. Miaka ile yote ya kubeba, miaka thelathini ubaoni, na mwanamke huyu hana jina lingine la kuniita. Nikageuka.

"Mwaitu," nikamwambia, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba, "ni mimi nimeulizwa."

Akatabasamu kwa macho yale yasiyoona, akaweka mikono magotini, akangoja. Muuguzi naye akangoja, kalamu juu ya karatasi. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema ni mwalimu, ni jirani, ni mtu aliyemwokotea filimbi. Nilitafuta jibu lililo langu, na walikuwa wakinisubiri bila haraka.

"Mimi ni ndugu ya fundi," nikasema, na muuguzi akaandika.